Anayehama Windows Kasulu aanze na printa

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga rasmi huduma za kawaida kwa Windows 10. Stesheneri za Kasulu na Kibondo zinazotegemea kompyuta za mtumba zimebanwa. Windows 11 inadai RAM ya GB 4 au zaidi, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambayo mashine nyingi kuukuu hazina.

Asiye na fedha za mashine mpya anaweza kuhamia mfumo endeshi wa Linux, kama vile Ubuntu au Mint. Ni ya bure, na Mint huenda vizuri hata kwenye kompyuta ya zamani. Ugumu huanza pale mwalimu anapoingia na flashi yenye mtihani wa kesho. Karatasi ya kurasa mbili inafunguka ikiwa na tatu, kwa sababu fonti zake hazimo. Kadi ya harusi iliyotengenezwa kwa Publisher inavurugika. Programu zenye mkia wa .exe zinagoma. Printa nayo, ikiwa haina draiva ya Linux, inakaa kimya huku wateja wakipanga foleni. Mtu akishapoteza siku moja ya biashara hivyo, hurudi Windows, na mimi simlaumu.

Kuna gharama nyingine isiyosemwa: bando. Faili la kusimika Mint linakaribia GB 3, na wilaya hizi, zilizoishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli, zinajua maana ya umeme kukatika kazi ikiwa katikati.

Lugha isingepaswa kuwa kikwazo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili. Tatizo kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba wengi tumefundishwa mahali pa kubofya, hatukufundishwa kompyuta inavyofanya kazi. Kitufe kikihama, ujuzi wote unapotea.

Kwa hiyo, mwenye stesheneri, usifute Windows kwanza. Iwashe Linux kutoka kwenye flashi bila kuisimika, chapisha kurasa chache, fungua faili za wateja wako, nakili kila kitu kwenye diski ya nje. Usihamie Linux msimu wa mitihani. Na Chuo cha Ualimu Kasulu kitenge japo kompyuta chache za Linux, ili walimu wanaotoka pale wawe watu wa kuulizwa.