Unataka kurusha glaida? Anza na ile ya polepole

Na Mwandishi Wetu

WAKAZI wa Kanda ya Ziwa si wageni wa ndege zisizo na rubani. Mwaka 2018, katika mradi wa majaribio uliohusisha kampuni ya DHL na shirika la GIZ, ndege ya kampuni ya Wingcopter ya Ujerumani ilivusha dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, umbali wa kilometa 60, kwa wastani wa dakika 40.

Ipo hata hivyo ndege nyingine ya rimoti, isiyo na makuu, ambayo kijana wa sekondari au mtumishi mwenye mapumziko ya Jumamosi anaweza kuimiliki. Ni glaida, yaani ndege yenye mabawa marefu inayoelea hewani bila injini, au yenye mota ndogo ya umeme inayowashwa wakati wa kupanda tu, kisha ikazimwa.

Kata ya Kalemela, wilayani Busega mkoani Simiyu, ni mfano mzuri wa eneo linalofaa kwa mchezo huu. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji ya Ziwa Victoria. Hewa iliyo juu ya mashamba hupanda, na upepo wa ziwani huingia kuchukua nafasi yake. Shamba la pamba lililokwisha kuvunwa, au mwamba uliochomwa na jua tangu asubuhi, hutoa mkondo wa hewa ya joto upandao juu. Tai na mwewe wanaoonekana wakizunguka angani bila kupiga mbawa wamo ndani ya mikondo hiyo, na glaida hupanda kwa njia hiyo hiyo.

Tatizo ni kwamba duka la ndege hizi haliko jirani. Mnunuzi huagiza kutoka nje kwa kutazama picha, na picha inayovutia ni ya ndege nyembamba yenye umbo la kivita. Ndege ya namna hiyo huenda kasi, na kwa mtu asiye na mazoezi huweza kumalizikia ardhini katika dakika ya kwanza, pamoja na akiba ya miezi kadhaa.

Kwa anayeanza, sifa ya kwanza ya kutafuta ni upole. Mabawa yenye urefu wa kati ya meta 1.4 na 2 kutoka ncha hadi ncha, katika ndege isiyozidi kilo moja, huifanya iende polepole kiasi cha kumpa mtu muda wa kufikiri. Yafaa pia mabawa yawe yameinuliwa nchani mithili ya herufi V iliyofunguka sana. Umbo hilo huisaidia ndege iliyolala upande kurejea katika usawa, hata pale mrushaji anapoduwaa.

Ndege ya aina hiyo huhitaji amri tatu tu: nguvu ya mota, usukani wa mkia wa kugeuza kushoto na kulia, na kibao cha mkia cha kuinua au kushusha pua. Vibao vya kwenye mabawa, ambavyo wauzaji huvisifia, vinaweza kusubiri ndege ya pili.

Kinachowashinda wengi si upepo. Ni mikono yao wenyewe. Ndege inapokwenda mbali nawe, kushoto kwake ni kushoto kwako. Inapokugeukia na kuja kwako, mambo hupinduka. Dawa yake ni kuisogeza fimbo ya rimoti upande wa bawa lililoinama, kana kwamba unalitegemeza lisianguke. Ndege ya polepole hukupa nafasi ya kulikumbuka hilo.

Sifa ya pili, ambayo kwa mkazi wa Kalemela huenda ina uzito kuliko ya kwanza, ni urahisi wa kuitengeneza. Glaida za mti wa balsa ni nzuri mno kuzitazama, lakini kujenga moja huchukua wiki nyingi na kuivunja huchukua sekunde. Za plastiki ya povu gumu linalonyumbuka huvumilia kuanguka, na zikikatika huungwa kwa supagluu. Tahadhari: povu jeupe la kawaida, lile linalofungia televisheni mpya katoni, huyeyushwa na gundi hiyo.

Easy Star ya kampuni ya Multiplex ya Ujerumani, mojawapo ya zilizofundisha watu wengi, iliwekwa mota nyuma ya bawa ili pua ikigonga ardhi pangaboi lisivunjike. Nyingine, kama Radian yenye mabawa ya meta 2, ina pangaboi la mbele linalojikunja mota ikizimwa. Anayetafuta ndege yake si lazima apate hizo hasa. Muundo ndio wa kuangaliwa.

Betri nayo isisahaulike. Ndege nyingi za namna hii hutumia betri za lithiamu zenye seli tatu, volti 11.1. Kila seli ikijaa hufikia volti 4.2, na ikishuka chini ya volti 3 huharibika. Huchajiwa kwa chaja yake maalumu, mtu akiwa karibu, kamwe si usiku watu wamelala, kwa kuwa betri iliyojeruhiwa huweza kuwaka moto. Kuziagiza kwa ndege pia kuna masharti yake, hivyo ni busara kumuuliza muuzaji kabla ya kulipa.

Suala la sheria linahitaji uangalifu. Tanzania ilitunga kanuni za ndege zinazoendeshwa kutoka mbali mwaka 2018, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Ni vyema kuiuliza mamlaka hiyo kabla ya kununua, si baada ya ndege kukwama forodhani. Aidha, mpaka wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti unafika karibu na Lamadi, katika wilaya hiyo hiyo ya Busega, na ndani ya hifadhi kurusha bila kibali ni marufuku.

Ndege ikishafika na kuunganishwa, usikimbilie kuwasha mota. Ishike chini ya mabawa kwa ncha za vidole viwili, mahali kitabu chake kilipoelekeza, uone kama inatulia sawa. Mkia ukilala, sogeza betri mbele; ndege yenye mkia mzito haitawaliki.

Kisha nenda kwenye uwanja wenye nyasi, mapema asubuhi upepo ungali mdogo, ukaisukume kwa mkono kuuelekea upepo, pua ikiwa imeinama kidogo. Isukume kwa nguvu kiasi: uso wa Ziwa Victoria uko takriban meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko pwani, hivyo ndege huhitaji mwendo zaidi kidogo ili ibebwe. Ikiteleza moja kwa moja na kutua yenyewe mara tatu mfululizo, mota inaweza kuwashwa.