Paneli za sola za utando mwembamba

Paneli ya sola ya utando mwembamba ni paneli ya umemejua ambayo mata inayogeuza mwanga kuwa umeme imepakwa moja kwa moja juu ya kioo, bati au plastiki. Katika paneli za kawaida silikoni hukatwa vipande vyenye unene wa mikromita 150 hivi. Hapa utando ni wa mikromita chache tu.

Utengenezaji

Kazi huanza na kioo chenye tabaka angavu linalopitisha umeme. Gesi ya silani huvunjwa kwa umeme ndani ya chumba kilichoondolewa hewa, na silikoni isiyo na fuwele hutua juu ya kioo. Aina nyingine hutumia kadimi na teluri, ambazo mvuke wake huganda juu ya kioo cha moto. Leza hugawa utando kuwa seli nyingi, kisha kioo cha pili hufunika na kingo huzibwa, maana unyevu huharibu utando.

Ugumu ni kupata unene uleule kwenye kila kioo, siku baada ya siku. First Solar ya Marekani imefaulu kwa kadimi na teluri. Solyndra, iliyotumia mata nyingine, ilifilisika mwaka 2011 bei ya paneli za kawaida iliposhuka.

Afrika Mashariki

Katika miaka ya 1990 paneli ndogo za silikoni isiyo na fuwele, za wati 12 hivi, ziliuzwa sana Kenya. Vipimo vya mwaka 1999 vilionyesha kwamba chapa kadhaa zilikuwa nzuri, nyingine zilitoa umeme pungufu kabisa ya ulioandikwa. Silikoni hiyo hupoteza sehemu ya nguvu katika miezi ya kwanza juani, jambo lililoelezwa na Staebler na Wronski mwaka 1977. Kiwanda kikiandika wati za siku ya kwanza, mnunuzi amepunjwa. Kiwanda cha Naivasha, kilichofunguliwa 2011, kilichagua silikoni ya fuwele.

Mji wa Kigoma ulitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi, nje ya gridi ya taifa. Kwenye mialo ya Ziwa Tanganyika, taa za betri zinazochajiwa kwa sola zimeanza kuchukua nafasi ya karabai katika uvuvi wa dagaa. Paneli ya wati 50 inayotoa 35 haijazi betri, na taa hufifia kabla ya alfajiri, nyavu zikiwa bado majini. Ukubwa nao ni tatizo: kwa ufanisi wa asilimia 6, wati 50 zahitaji mita ya mraba 0.83, kwa asilimia 18, 0.28 tu.