Kuhuisha Leseni: Maana ya Neno na Mwenendo wa Hati ya Udereva

Shofere wa lori atokaye Lubumbashi, akipita Kasumbalesa na kuvuka Zambia mpaka Tunduma, hukuta upande wa Tanzania lugha anayoielewa karibu yote. Hata hivyo, askari wa usalama barabarani akiitazama hati yake na kumwambia "imekwisha", yawezekana wawili hao wasielewane. Kitenzi kwisha kina nyuso mbili. Kazi iliyokwisha ni kazi iliyotimia, na sukari iliyokwisha ni sukari isiyokuwapo tena. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, ambamo kitenzi hicho hutumika sana kuonyesha tendo lililotimia, mtu aambiwaye na karani kwamba permi yake imekwisha aweza kufurahi na kuuliza aichukue wapi. Askari, kwa upande wake, anasema kwamba muda wa hati umepita na kwamba gari haliruhusiwi kuendelea mbele.

Kisa hiki si cha msamiati tu. Leseni imetoka katika Kiingereza na permi katika Kifaransa, na maneno yote mawili yana maana moja, yaani ruhusa. Kiarabu nacho huiita hati hiyo kwa neno lile lile lililotupatia ruhusa. Lakini desturi zilizoyaleta maneno hayo hazikufanana. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1903, ilimtaka kila mwendesha gari alipe shilingi 5 kila mwaka. Hakuna aliyemwuliza kama anajua kuendesha, kwani mtihani haukulazimishwa nchini humo hadi mwaka 1935. Kwa hiyo leseni ilizaliwa kama ushuru, na ushuru hulipwa tena na tena. Ufaransa ilianza kwa njia nyingine: amri ya mwaka 1899 ilidai cheti cha uwezo, na mwaka 1922 ndipo cheti hicho kilipopewa jina la permi. Cheti cha uwezo hufanana na diploma, na diploma haichakai. Ndiyo sababu Mfaransa mwenye gari la kawaida alikaa na karatasi yake ya waridi maisha yake yote, mpaka tarehe 16 Septemba 2013 zilipoanza kutolewa kadi za miaka 15. Karatasi za zamani nazo zimepewa kikomo, tarehe 19 Januari 2033.

Afrika Mashariki ilirithi desturi ya Kiingereza. Nchini Kenya, kabla ya kadi mpya za mwaka 2017, dereva alikuwa na kijitabu chekundu, na kila alipolipa alibandikiwa humo kipande cha karatasi cha mwaka 1 au miaka 3. Katika Tanzania alama ya ushuru yaonekana wazi zaidi, kwa maana leseni hutolewa na Mamlaka ya Mapato, ile ile ikusanyayo kodi, huku polisi wakithibitisha sifa za mwombaji. Kadi za kielektroni zilianza huko mwaka 2010. Muda wake ulikuwa miaka 3 kwa shilingi 40,000. Tangu mwaka 2019 ni miaka 5 kwa shilingi 70,000. Mwenye leseni hupeleka ile ya zamani, hulipa, hupigwa picha, huchukuliwa alama za vidole na saini, kisha hupewa kadi nyingine.

Tendo hilo ndilo liitwalo kuhuisha. Kitenzi hiki ni jamaa ya hai na uhai, na maana yake ni kukirudishia kitu uhai. Ni neno zuri, ingawa lina hatari yake: kihuishwacho chadhaniwa kuwa kimekwisha kufa, hali mwenye busara huihuisha leseni ingali hai. Tena kuhuisha hakuongezi kitu. Aliye na daraja D, la magari madogo ya binafsi, hatoki ofisini na daraja C la kuchukua abiria. Kwa hilo hutakiwa mafunzo na mtihani. Wala si sawa na kupata nakala ya leseni iliyopotea, ambayo hubaki na tarehe yake ya kwanza.

Katika Kongo, sheria ya barabara Na. 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978 imeandikwa kwa Kifaransa, na wasemaji wa Kiswahili wameendelea kusema permi, shofere na rulaje pasipo shida. Hakuna haja ya kuwanyang'anya maneno hayo. Kinachokosekana ni kitenzi. Kubadilisha permi huleta picha ya kuitoa moja na kupokea nyingine ya namna tofauti, na kutengeneza huleta picha ya kitu kilichovunjika. Tangu Kongo iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wafasiri wa fomu za mpakani wamekuwa na sababu zaidi ya kulipokea neno kuhuisha. Na pale panapoandikwa tarehe ya kikomo, ingefaa kuepuka "imekwisha" na kuandika "hati hii ni halali mpaka tarehe…", maneno ambayo shofere wa Lubumbashi na askari wa Tunduma watayasoma kwa namna moja.