Uoneshaji wa Filamu za Majaribio katika Kumbi Huru: Mashine, Chumba na Mwendeshaji

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa filamu, mwoneshaji huchukuliwa aghalabu kama tarishi: hupokea kazi iliyokwisha kukamilika, akaifikisha kwa hadhira bila kuongeza wala kupunguza. Mtazamo huo unafaa kwa filamu za biashara, ambazo nakala zake hutengenezwa ili zifanane na kumbi zake hujengwa ili zisitofautiane sana. Kwa filamu za majaribio, hususani zile zilizotengenezwa New York na London kati ya miaka ya 1940 na 1970, mtazamo huo unapotosha. Makala haya yanaeleza sababu. Hoja inayotetewa ni kwamba katika nyingi ya kazi hizo, uamuzi unaofanyika chumbani siku ya onesho, yaani kasi ya projekta, umbali wa skrini, kiasi cha giza, hata vumbi lililomo hewani, ni sehemu ya utunzi wenyewe. Kwa hiyo mtafiti anayezichambua kwa kutazama faili katika kompyuta yake huenda anachambua kitu kingine kabisa.

Istilahi yenyewe inadai tahadhari. Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, neno "majaribio" limezoeleka kwa riwaya kama vile Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, nalo humaanisha ukiukaji wa makusudi wa kaida za utanzu, wala si kazi ambayo bado inajaribiwa. Maana hiyo ndiyo inayokusudiwa hapa. Tofauti ni kwamba kitabu hakihitaji chumba, ilhali filamu haiwi filamu mpaka pawepo mahali, mashine na mtu wa kuiwasha.

2.0 Klabu kama Mbinu ya Kisheria

Mwaka 1946, Maya Deren alikodi Provincetown Playhouse, ukumbi mdogo wa tamthilia katika eneo la Greenwich Village, New York, akaonesha filamu zake tatu fupi. Mojawapo ilikuwa Meshes of the Afternoon, aliyoitengeneza pamoja na Alexander Hammid mwaka 1943. Kumbi za biashara hazikuwa na nafasi kwa filamu ya dakika kama 14 isiyo na kisa cha kufuatana wala nyota wa kuvutia wateja. Mwaka uliofuata, Amos Vogel, mkimbizi kutoka Vienna, pamoja na mkewe Marcia, walianza maonesho yao katika ukumbi uleule, wakayaita Cinema 16 kwa kufuata upana wa utepe wa milimita 16 uliotumiwa na watengenezaji wasio na studio.

Kikwazo chao cha kwanza hakikuwa cha kisanaa. Sheria ya jimbo la New York ilitaka kila filamu itakayooneshwa hadharani ipitie kwa wakaguzi na kulipiwa ada. Kwa shughuli iliyoonesha filamu fupi nyingi katika jioni moja, utaratibu huo ulikuwa mzigo wa fedha na pia wa maudhui. Suluhisho la Vogel lilikuwa kuigeuza Cinema 16 kuwa klabu isiyo ya faida, kwa kuwa onesho la wanachama peke yao halikuhesabiwa kuwa la hadhara. Mbinu hiyo ilizaa tunda lingine ambalo huenda lilikuwa na thamani kubwa kuliko lile la kwanza. Wanachama walilipa ada ya msimu mzima mapema, hivyo mapato hayakutegemea filamu moja moja. Vogel aliweza kupanga filamu ya kisayansi, ya hali halisi na ya majaribio katika jioni moja, akijua kwamba baadhi ya watu wangechukia angalau moja, na kwamba chuki hiyo isingemfilisi. Klabu ilipofikia kilele chake ilikuwa na wanachama wapatao 7,000.

Uhuru huo ulikuwa na mipaka, kwani aliyechagua ni mmoja. Vogel alipoikataa Anticipation of the Night (1958) ya Stan Brakhage, baadhi ya watengenezaji waliona kwamba mlango wa bodi ya ukaguzi ulikuwa umebadilishwa tu kwa mlango wa mtu. Film-Makers' Cooperative, iliyoanzishwa New York mwaka 1962 huku Jonas Mekas akiwa mstari wa mbele, iliondoa uteuzi kabisa: yeyote aliyeleta filamu yake ilipokewa na kuorodheshwa, naye akabaki kuwa mmiliki wake. Cinema 16 ilifungwa mwaka 1963. Mwaka uliofuata polisi waliikamata filamu ya Jack Smith, Flaming Creatures, pamoja na watu walioendesha onesho lake, akiwemo Mekas. Ni muhimu kuzingatia nani alishtakiwa. Mkono wa sheria uliwafikia waoneshaji. Yaani mahakama iliwatambua kama watendaji wenye dhamana, jambo ambalo uhakiki umechelewa kulifanya.

3.0 Mashine na Mwendeshaji Wake

Filamu yenye sauti hupita kwenye projekta kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde. Projekta nyingi za milimita 16 zina pia kasi ya 16 au 18, iliyokusudiwa kwa filamu bubu. Kwa mwendeshaji, hilo ni suala la kugeuza swichi tu, lakini kwa kazi inayooneshwa linaweza kuwa suala la kuwepo au kutokuwepo. Andy Warhol alipiga picha za Empire (1964) kwa kasi ya 24 na kuagiza zioneshwe kwa 16, ndipo jengo la Empire State linasimama mbele ya mtazamaji kwa takribani saa 8. Mwendeshaji akiacha swichi kwenye 24, saa hizo hupungua hadi 5 na dakika 20 hivi. Hakuna fremu hata moja iliyokatwa, lakini uzito wa muda, ambao ndio maudhui ya filamu hiyo, umepungua kwa theluthi moja.

The Flicker (1966) ya Tony Conrad inalionesha jambo hilo kwa ukali zaidi. Baada ya vibao vya mwanzo, vikiwemo onyo kwa watu wenye kifafa, filamu hiyo ya nusu saa haina taswira yoyote ila fremu nyeusi na fremu nyeupe zilizopangwa kwa mizani ya kihesabu. Rangi na maumbo ambayo watazamaji hueleza kuyaona hayamo kwenye utepe. Huzuka machoni na akilini kutokana na mapigo ya mwanga. Kasi ikibadilika, mapigo yote hubadilika, na kinachozuka nacho hubadilika. Faili ya kidijitali iliyobanwa na kuchezwa kwenye kifaa cha fremu 25 au 30 kwa sekunde haiwezi kuhifadhi mizani hiyo.

Katika The Chelsea Girls (1966), mamlaka ya mwendeshaji ni makubwa zaidi. Ni mikanda 12 inayooneshwa miwili miwili kwa projekta mbili, taswira zikikaa ubavu kwa ubavu. Mikanda ya jozi moja haianzi kwa wakati mmoja, nayo sauti husikika upande mmoja na kuhamia mwingine. Hata pale maelekezo yanapofuatwa, projekta mbili zisizounganishwa haziendi sambamba kwa usahihi, hivyo miingiliano ya taswira hutofautiana kutoka onesho hadi onesho.

Inavutia kulinganisha hali hii na vibanda vya video vya Uganda na Tanzania, ambamo mfasiri huzungumza juu ya filamu papo hapo na kuifanya kila mara kuwa onesho jipya. Ulinganisho huo, hata hivyo, usivutwe mbali: kule mwendeshaji huingilia kazi ambayo haikumwachia nafasi, hapa nafasi imeachwa na mtunzi mwenyewe.

4.0 Chumba

Je, chumba kifaacho ni kipi? Jibu la Peter Kubelka lilikuwa kukifuta chumba. Katika ukumbi aliousanifu kwa ajili ya Anthology Film Archives, uliofunguliwa New York mwaka 1970, kuta, dari na viti vilikuwa vyeusi, na kila kiti kilitenganishwa na jirani yake kwa kizuizi, ili mtazamaji asione chochote ila skrini. London Film-Makers' Co-op, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilielekea upande mwingine. Usambazaji, karakana ya kusafisha na kunakili filamu, na maonesho viliwekwa pamoja, na mtengenezaji mara nyingi alisimama kando ya projekta katikati ya watu. Katika Castle 1 (1966), Malcolm Le Grice alining'iniza balbu mbele ya skrini, ikawa inawaka na kuzima wakati wa onesho. Kila ilipowaka, taswira ilififia na watazamaji wakaonana.

Anthony McCall alikwenda mbali zaidi. Katika Line Describing a Cone (1973), ya dakika 30, nukta moja nyeupe huchora duara polepole, na hadhira haiangalii ukuta bali mwali wa mwanga unaojengeka kuwa pia kubwa hewani. Pia hiyo huonekana tu ikiwa hewa ina kitu cha kuushika mwanga. Katika magodauni ya wasanii ya miaka ya 1970, vumbi na moshi wa sigara vilitosha. Kazi ilipoanza kualikwa katika majumba ya makumbusho, yenye hewa iliyochujwa na marufuku ya sigara, mwali ulitoweka, na ikabidi itumike mashine ya kutoa ukungu. Mwaka 2010 McCall alitoa toleo la kidijitali, hivyo hata utepe haukuwa tena sharti, ilhali ukungu umebaki kuwa sharti.