Jina Lulu: Asili Yake na Majazi

Ukikutana na msichana aitwaye Lulu katika hadithi, usipite mbio. Jina hili lina asili ya Kiarabu na maana yake ni kito cha baharini kinachopatikana ndani ya chaza. Margaret nalo lina maana iyo hiyo, ila chimbuko lake ni neno la Kigiriki margarites. Kila mwaka sikosi akina Margaret wawili watatu darasani, na ni nadra kumpata anayejua kwamba Lulu ni somo yake.

Sasa kitazame kito chenyewe. Almasi huchimbwa ardhini. Lulu hutengenezwa na mnyama hai. Kitu kigeni kikiingia ndani ya chaza na kumkera, yeye hukifunika kwa utando laini, tabaka juu ya tabaka, hadi kikawa kito. Tena, kabla ya lulu za kufugwa za Japani kutawala soko katika karne ya 20, wapiga mbizi wa Ghuba walizitafuta chini ya bahari kwa kubana pumzi, wakafungua chaza wengi wasiambulie kitu. Basi jina hili limebeba thamani, kufichika, na uzuri uliozaliwa na maudhi. Hilo la mwisho ndilo tamu zaidi, na ndilo watahiniwa husahau.

Wengi huandika: "Lulu ni majazi kwa kuwa ni jina zuri." Hapo sina alama ya kukupa. Majazi ni jina kuoana na tabia au hali ya mhusika, kwa hiyo taja tendo. Tuseme Lulu ananyanyaswa na mamake wa kambo, lakini mateso yanamzidishia huruma kwa wadogo zake: hiyo ndiyo lulu ya chaza. Tuseme babake anahesabu mahari kabla hajamaliza shule: jina linamsuta baba, anayeona bei asimwone binti. Na iwapo Lulu huyo ni mfitini na mwizi, usilazimishe majazi. Andika kinaya, kisha utoe ushahidi.

Jambo dogo la sarufi: kito kimo katika ngeli ya I-ZI, msichana yumo katika A-WA. Andika "Lulu amevumilia", si "Lulu imevumilia".