Moyo wa mtoto hautibiwi kwa mchango wa Ijumaa moja



Ijumaa moja baada ya swala, baba mmoja kutoka kijiji cha Kyerwa alisimama mbele ya jamaa akamwombea dua mwanawe wa miaka tisa. Miguu ya mtoto ilikuwa imevimba, tumbo limejaa maji, na usiku alilala ameketi, kwa kuwa akilala chali pumzi humkatika. Majirani walikwishamwambia kuwa mtoto amerogwa. Tuliomba dua, tukachangisha nauli, mtoto akafikishwa hospitali. Baada ya wiki chache alirudi akitembea kwa miguu yake. Tulimshukuru Allah, na kamati ikafunga ukurasa ule wa daftari.

Miezi minne baadaye mtoto alikuwa katika hali ile ile. Uvimbe ulipopungua wazazi waliona amepona, na dawa zilipokwisha hawakufuata nyingine. Hawakuwa wazembe, hawakuwa na nauli, na hapana hata mmoja wetu aliyewauliza. Kwa sababu hiyo tumeona ni amana kuandika makala haya.

Moyo kushindwa ni nini?

Moyo ulioshindwa haujasimama. Ni moyo unaopiga lakini hauna nguvu za kusukuma damu ya kutosha, hivyo maji hurudi nyuma na kujaa katika mapafu, ini na miguu. Kwa mtoto mchanga dalili ni kupumua kwa haraka, kutokwa jasho na kuchoka wakati wa kunyonya, na kutoongezeka uzito. Kwa mtoto mkubwa ni uvimbe, kikohozi cha usiku na kuchoka kwa kazi ndogo, kama kupanda kilima kwenda shule.

Sababu kubwa ni tatu. Ya kwanza ni hitilafu ya kuzaliwa nayo, kama tundu katika ukuta wa moyo. Takriban mtoto 1 kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya moyo, ndogo au kubwa. Ya pili huanza na maumivu ya koo yasiyotibiwa: baadhi ya watoto hupata homa na maumivu ya viungo, kisha milango ya moyo huharibika. Ya tatu ni upungufu mkubwa wa damu, ambao katika mkoa wetu mara nyingi huletwa na malaria.

Hapa tuwaonye wazazi. Mtoto anayekohoa usiku huweza kupelekwa kukatwa kimeo. Kisu hakitibu moyo. Huongeza damu kumwagika na maambukizi, na hupoteza siku ambazo mtoto hana.

Tiba ilivyo

Hatua ya kwanza ni kupimwa. Hospitali za Nyakahanga na Isingiro ziko karibu nasi, na kutoka huko mgonjwa huweza kupewa rufaa kwenda Bukoba au Bugando, Mwanza. Kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti hakichomi wala hakiumizi, na ndicho kinachoonyesha tundu au mlango ulioharibika.

Mtoto aliyezidiwa huinuliwa kichwa na kifua, hupewa hewa ya oksijeni, na dawa ya kutoa maji kwa njia ya mkojo, kama furosemaidi. Dawa nyingine, kama kaptoprili, huupunguzia moyo mzigo. Mwenye upungufu mkubwa wa damu huongezewa damu kwa uangalifu. Kwa aliyeharibika milango ya moyo huongezwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, ili ugonjwa usirudi na kuharibu zaidi.

Dawa hizi hushika moyo uliochoka. Haziwezi kuziba tundu wala kushona mlango. Wapo wanaohitaji upasuaji. Zamani wagonjwa wengi walipelekwa India. Tangu mwaka 2015 nchi yetu ina Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, inayowafanyia watoto upasuaji, na baadhi yao huzibwa tundu kwa mrija upitao katika mshipa, bila kupasuliwa kifua.

Nyumbani, mama ampakulie mtoto ndizi na maharage yake kabla chungu hakijatiwa chumvi. Anyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi. Dozi isiachwe kwa sababu uvimbe umekwisha, bali kwa neno la daktari tu. Na mwezi wa Ramadhani, mtoto ambaye hajabaleghe hana faradhi ya kufunga. Aliyebaleghe naye ni mgonjwa, sheria yetu imempa ruhusa. Asiache dawa kwa kuona haya mbele ya wenzake.

Wajibu wetu

Dua ni silaha ya muumini, na Mtume (SAW) ametufundisha kutafuta tiba pamoja na kumtegemea Allah. Kosa letu lilikuwa kutoa kama wanaozima moto, ilhali ugonjwa huu unataka watu wa kumwagilia shamba. Sindano moja si gharama kubwa. Nauli ya kuifuata kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, ndiyo inayowashinda wazazi.

Sasa daftari letu lina ukurasa wa tarehe za kliniki. Wiki moja kabla, mmoja wetu humpigia simu mzazi na kuuliza nauli na dawa. Zaka ina fungu la fukara na maskini, na wagonjwa hawa wengi wao wamo humo. Vijana wetu nao wachangie damu kabla haijaombwa. Mwenye kushindwa gharama asione aibu kuuliza ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini.

Mtoto yule wa Kyerwa amerudi darasani na madrasa. Bado anachomwa sindano, na jina lake halijafutwa katika daftari. Tunamwomba Allah amjaalie afya, na atujaalie sisi subira ya kutofunga ukurasa mapema.