Aibu isifiche umri wa mimba

Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Methali hii hufunzwa madarasani kila mwaka, na wanafunzi huieleza vyema katika mitihani. Lakini msichana wa shule apatapo mimba, methali husahauliwa. Yeye hujifunga leso tumboni na kuvaa sweta hata jua likiwaka, naye mwalimu hujitia haoni. Aghalabu miezi mitano hupita kabla hajafika kliniki, na hiyo ndiyo miezi inayohitajika ili ijulikane iwapo mtoto aliye tumboni anakua inavyostahili.

Kipimo cha kwanza cha ukuaji huo ni chepesi. Muuguzi hutwaa utepe akapima tumbo kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mji wa mimba. Kuanzia wiki ya 24 hivi, idadi ya sentimita hukaribiana na idadi ya wiki. Tofauti ikizidi sentimita mbili au tatu, au kipimo kikisimama pale pale kliniki baada ya kliniki, mama hupelekwa kupigwa picha ya altrasaundi.

Hata hivyo, utepe bila tarehe hausemi kitu. Sentimita 26 zaweza kuwa za mimba ya wiki 26 yenye afya, au za mimba ya wiki 32 iliyodumaa. Msichana asiyekumbuka siku ya hedhi yake ya mwisho, wala hakupigwa picha mapema, humwacha daktari akikisia. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka wa 2016 kwamba mja mzito ahudhurie kliniki mara nane, mara ya kwanza ikiwa kabla ya wiki 12 kwisha, na apigwe picha moja kabla ya wiki ya 24.

Mtoto hudumaa tumboni kwa sababu nyingi. Shinikizo la damu la mama huweza kulidhoofisha kondo la nyuma, likashindwa kumpitishia mtoto chakula na hewa ya kutosha. Malaria, upungufu wa damu, lishe duni, sigara na pombe huchangia pia. Kinyume chake, kisukari kisichodhibitiwa humnenepesha mtoto kupita kiasi, hata mabega yake yakaweza kukwama wakati wa kuzaliwa. Wasichana wenye umri wa chini ya miaka 20 wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupatwa na kifafa cha mimba na ya kuzaa watoto wenye uzani wa chini ya gramu 2,500.

Hakuna dawa ya kumkuza mtoto aliyedumaa tumboni. Daktari hutibu maradhi ya mama, hufuatilia mtiririko wa damu katika mishipa ya kitovu, kisha hupima hatari mbili: kumwacha mtoto tumboni akafa, au kumtoa kabla hajakomaa. Ikibidi azaliwe mapema, mama hudungwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Uamuzi huu wote hutegemea kuujua umri wa mimba. Aibu ikiuficha umri huo, daktari huamua gizani.

Yamkini wapo watakaodai kwamba kuyazungumza haya shuleni ni kuhimiza uasherati. Hoja hiyo haina mashiko. Msichana tunayemzungumzia tayari ni mja mzito. Kimya chetu hakiiondoi mimba yake, na anayeadhibiwa kwacho ni mtoto asiye na hatia. Isitoshe, tangu mwaka wa 1994 sera ya Kenya imemruhusu msichana aliyejifungua kurejea darasani, na mwongozo mpya wa utaratibu huo ulitolewa mwaka wa 2020. Itafaa nini sera hiyo iwapo msichana angali anahofia kejeli za mwalimu wake?

Walimu hawana budi kuwa watu wa kwanza kuambiwa, wala si wa mwisho kugundua. Wasichana nao wajizoeze kuandika tarehe za hedhi katika daftari, na anayekosa mwezi aseme mapema kwa mtu anayemwamini. Wiki zilizopotea hazirudishwi na daktari yeyote.